Viti vya Gari la Mwita

Kosa langu la kwanza katika ufundi wa magari lilikuwa usafi. Najua ninyi vijana mmefundishwa kwamba fundi mzuri ni fundi msafi, na sitabishana na walimu wenu. Nawaambia tu lililonipata.

Kijiji cha ujamaa nilichokuwa nikifanyia kazi, upande wa Ringwani, kilikuwa na trekta moja. Injini yake ilifunikwa na gamba nene la oili na vumbi, gumu kama udongo wa kichuguu. Mimi nilikuwa kijana niliyeshindwa kuvumilia kitu kichafu. Siku moja dereva alipokwenda kwenye msiba kwao, nilichukua dizeli, brashi na kijiko kibovu, nikakwangua gamba lile lote mpaka rangi ya chuma ikaonekana. Nilirudi nyuma hatua chache nikaitazama injini ile, nikajiona fundi.

Dereva aliporudi na kuingia shambani, hakufika mbali. Oili ilitoka kila penye maungio. Ilitiririka kama jasho la mtu mwenye homa. Nilisimama pembeni mdomo wazi, kwa sababu sikuelewa inawezekanaje chuma kisafi kivuje kuliko chuma kichafu.

Dereva huyo aliitwa Mzee Sabai. Hakunigombeza. Alishuka, akalizunguka trekta lake, akauliza ni nani aliyemvua nguo mgonjwa wake. Kisha akanieleza kwamba gasketi za injini ile, yaani vipande vya kuziba maungio, zilikuwa zimekwisha zamani, na kilichokuwa kikizuia oili ni uchafu ule ule niliouondoa. Lakini kwa kuwa nimeshaiacha uchi, akasema, basi tuitazame vizuri. Aliokota vumbi kavu, akaipulizia injini pande zote, akaiwasha. Baada ya muda mfupi vumbi likaanza kulowa mistari mistari, na kila mstari ulikuwa na mwanzo wake.

"Oili inatembea, mura," aliniambia, kama Wakurya tunavyomwita kijana. "Inatoka huku, inadondokea kule. Wewe usihangaike na inakodondokea."

Kama ningeyashika maneno hayo, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia leo.

Sikusoma chuo chochote. Nilianza kwa kufungua mashine ya kusaga ya kijiji ilipogoma, huku akina mama wamekaa na mahindi yao wakinitazama. Nilitandika shuka chini, nikapanga kila nati kwa mpangilio ule ule nilioitoa nao, na mtu akikanyaga shuka nilikuwa tayari kupigana. Nilikuwa na ugonjwa wa kutoiamini mikono yangu. Nikishakaza nati narudi kuijaribu, naondoka, narudi tena. Nati nyingi nilizozikata enzi zile sikuzikata kwa nguvu. Nilizikata kwa wasiwasi. Ukiona kijana anakaza kava la juu la injini mpaka mshipa wa shingo unamtoka, mwondoe pale. Kava lile hukazwa kwa mkono mpaka likae, halafu spana inaongeza kidogo tu, ukienda kwa kupishana, huku kisha kule. Ukizidisha, gasketi inapasuka, na itapasuka pale jicho lako lisipofika.

Na gasketi zenyewe tulikuwa tunazikata. Dukani hakukuwa na kitu. Unaweka boksi gumu juu ya chuma, unagonga pembezoni polepole kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, na ncha ya chuma yenyewe inakukatia umbo. Matundu ya bolti unayapata vilevile. Kisha unalipaka oili, unaliacha linywe, ndipo unalivalisha. Usije ukatumia mpira wa tyubu. Mimi nilitumia, nikaona nimegundua kitu ambacho wazee hawakukijua. Oili ya moto iliulainisha mpira ule ukavimba na kutoka nje kama ulimi wa ng'ombe.

Sasa nije Itiryo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya mavuno. Jirani yetu Mwita alikuwa ameishi Nairobi miaka mingi akimwendeshea tajiri mmoja magari, na tajiri huyo alipohama nchi alimwachia gari lake moja. Lilikuwa gari jeusi, refu, la Kijerumani, lenye nyota puani. Wakati ule mpaka wa Sirari ulikuwa bado wazi na watu wakivuka kama wanavuka kijito. Mwita akaja nalo, pamoja na mkewe Bhoke, kwa sababu alipata habari kwamba baba yake anaumwa.

Mtaelewa gari la namna ile lilikuwa nini kwetu miaka ile. Wengine walilishika shika kama ndama mpya. Wengine walinong'ona kwamba kupe, mnyonyaji wa jasho la watu, ametufikia mpaka Itiryo. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na uso wa kazi, akauliza gari lina kibali gani, akaishia kuomba aoneshwe vioo vinavyopanda.

Baba yake Mwita, Mzee Nyamhanga, alikuwa amejikata wayo kwa jembe, kidonda kikaharibika. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi gotini na ngozi inang'aa. Asubuhi ya siku ya tatu tangu gari lifike, tabibu wa zahanati alimtazama, akamwita Mwita kando, na mimi nilikuwa karibu nikasikia. Alisema mzee asilale tena pale. Afike hospitali ya misheni siku hiyo hiyo. Akilala, mguu utakwenda, na mguu ukienda na homa ile, hadhani kama mwenyewe atabaki. Lori la kijiji lilikuwa limekwenda Musoma kuchukua mbegu, halijarudi. Kwa machela ni safari ya kutwa na zaidi. Lililokuwepo ni gari la Mwita.

Na gari la Mwita lilikuwa linavuja. Jioni ya juzi yake, kwenye mlima wa mwisho kabla ya kufika, taa nyekundu ya oili ilikuwa imewaka, na nyuma ya gari palikuwa na mstari mweusi barabarani uliofika hadi uani. Mwita hakuthubutu kuliwasha tena. Alinifuata nyumbani mbio, akanikuta nakunywa uji, akaniambia baba yake atakufa kama sitaliziba gari lile kabla jua halijazama.

Nilimfuata. Nilipofungua boneti, nikafunga tena. Sikuwahi kuona injini kama ile. Kila waya ulikuwa na njia yake, kila bomba limeshikwa na kibanio. Nilifungua mara ya pili, Mwita akaniuliza kama kuna kitu kimeruka. Nikamwambia hapana, naizoea.

Nikaingia chini. Oili ilikuwa inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Kwa kila fundi, mahali hapo pana maana moja ya kutisha, nayo ni sili ya nyuma ya krenki, ile pete inayozuia oili mhimili wa injini unapotokea. Kuifikia sili hiyo sharti utoe giaboksi. Nililala chini pale, nikaona mguu wa mzee, nikaona jua.

Maneno ya Mzee Sabai hayakunijia. Naomba mnielewe. Kulipulizia vumbi trekta la kijiji ni kitu kimoja. Kuipulizia vumbi injini ile iliyong'aa kama sahani ya wageni, mbele ya mwenyewe, mikono yangu isingekubali hata kama kichwa kingekumbuka.

Giaboksi niliyokuwa nimewahi kutoa ilikuwa ya Landrova ya mapadri. Na Landrova hutolewa giaboksi kwa juu. Unatoa viti, unatoa sakafu, unaikuta imekaa mbele yako. Kwa hiyo nikaamua kufanya vilevile. Sikuwa na shimo wala jeki ya maana, na niliona hiyo ndiyo njia salama.

Nilianza na viti. Vilikuwa vya ngozi nyekundu, laini, na ubavuni mwa kila cha mbele palikuwa na kishikio. Nilikivuta kishikio kimoja, na mgongo wa kiti ukalala chali mpaka ukagusa kiti cha nyuma. Niliruka. Nilidhani nimevunja. Bhoke, aliyekuwa akipita na maji, akaniambia kwa sauti ya chini nisichezee kile kitu, nikiinue haraka. Aligeuka kumtazama mkwewe, akaenda zake. Nikafikiri anaonea uchungu kiti.

Mzee Nyamhanga alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya ukuta wa zizi, mguu umelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo kila nilipopita na bolti, kwa woga tu, mpaka akaniambia marahaba ya leo imekwisha. Homa ilikuwa inamtetemesha lakini hakukubali kulazwa ndani. Alitaka kuona. Nilipotoa viti vyote vya mbele na vya nyuma nikavipanga kwenye majani, kisha nikakunja zulia na kuliweka juu yake, aliniita. Alisema sasa ndipo gari limeanza kufanana na kitu anachokijua. Linafanana na trela. Alicheka, halafu maumivu yakamkata.

Nikarudi kutafuta bolti za sakafu. Nilipapasa mbele, nikapapasa nyuma, nikachukua bisibisi nikakwaruza. Hapakuwa na bolti. Sakafu ya gari lile ilikuwa bati moja zima, limechomelewa kutoka upande hadi upande. Giaboksi yake ilitolewa kwa chini kama ya gari lolote dogo, na mimi nilikuwa nimemaliza saa zote za asubuhi nikilivua gari viti bila sababu yoyote duniani.

Sijui niwaelezeje hali ile. Nilikaa juu ya lile bati tupu, spana mkononi, nikimsikia Mwita nje akimwambia baba yake kwamba kazi inaendelea vizuri.

Nadhani ni aibu iliyonisaidia. Mtu akishaaibika kiasi kile, hana tena cha kulinda. Nilitoka, nikaifuta injini upande wa nyuma kwa kitambaa, nikaenda jikoni nikamwomba Bhoke unga wa muhogo. Aliniuliza unga wa nini saa hizi. Nikamwambia wa injini. Alinitazama, akatazama viti vyake vilivyokaa kwenye majani, akatoa kibakuli.

"Mpikie basi na mboga," alisema.

Niliurusha unga ule kila mahali nyuma ya injini mpaka ikawa nyeupe. Mwita aliposogea na kuona, alishika kichwa. Nikamwomba aiwashe kidogo tu, oili iliyobaki ingestahimili. Akawasha. Tukainama wote wawili. Na hapo, taratibu, mstari mweusi ukachora unga kutoka juu kabisa, chini ya kona ya nyuma ya kava la juu, ukashuka nyuma ya injini, ukazunguka ubavu, ukaenda kudondoka pale pale kwenye maungio ya giaboksi.

Nilimwambia azime. Nilijisikia kama mtu aliyetafuta ng'ombe wake hadi wilaya ya pili akamkuta zizini.

Sili ya krenki ilikuwa nzima. Kilichokufa ni gasketi ya kava, kitu cha kufunguliwa na mtu aliyesimama wima. Fundi fulani huko nyuma alikuwa ameikaza kwa hasira mpaka ikapasuka kona ya nyuma, pale karibu na ukuta wa kabini, usipopaona. Nililitoa kava, nikalikwangua vizuri. Sasa lilihitajika boksi gumu, na kijiji kizima hakikuwa na boksi. Bhoke ndiye aliyesema ana boksi la viatu alilokuja nalo, viatu vya kumwonesha mama mkwe kwamba Nairobi hakukaa bure. Alilileta akatoa viatu, akavivaa pale pale ili visichafuke, akabaki na kanga na viatu vyekundu vya kisigino akitembea kati ya ng'ombe. Boksi lilikuwa jembamba. Nikakata mara mbili, nikapachika moja juu ya nyingine, nikazinywesha oili. Oili ya kuongezea Mwita aliipata kwenye mashine ya kusaga, kwa maneno mazuri tu.

Nilikaza kava lile kwa mkono. Nikaongeza kidogo kwa spana. Mikono ilitamani kuendelea, nikaifunga nyuma ya mgongo. Tukawasha, injini ikanguruma kwa muda, nami nimelala chini na shavu kwenye mchanga. Hakuna tone.

Hapa ndipo nilipofanya kitu ambacho hadi leo kinanisisimua mwili. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema tupakie mgonjwa twende. Mimi sikuweza kuona gari la kifahari vile likiondoka bila viti. Nilirudisha zulia, nikalinyoosha kona zake. Nikarudisha viti, kimoja kimoja, na nikavifuta vumbi kwa shati langu. Mwita alikuwa anahimiza, nikamwambia baba yako hawezi kukalishwa juu ya bati kama mbuzi. Alinishukuru kwa heshima hiyo.

Vijana wanne wa ukoo wakambeba mzee na kigoda chake, wakamleta hadi mlangoni mwa gari. Mwita alifungua mlango wa mbele. Alikuwa amekilaza kiti kidogo ili mguu upate nafasi.

Mzee Nyamhanga alikitazama kile kiti. Kisha akageuza uso pembeni, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu na mtu yumo.

"Nirudisheni," alisema.

Wale vijana hawakujua la kufanya, wakabaki wamemshika hewani. Mwita alidhani ni maumivu, akamweleza kiti ni laini, hatasikia hata mabonde. Mzee akarudia neno lile lile, na safari hii hakumtazama mwanawe kabisa. Wakamrudisha ukutani.

Mimi nilidhani ni kazi yangu. Nilidhani ameona doa la oili. Nilikizunguka kiti nikitafuta kosa langu, kitambaa mkononi, mpaka Bhoke akaja upande wa pili wa gari ambako mkwewe hakumwona. Alikuwa amevua vile viatu. Aliniambia huku anatazama chini.

Mwita hakuwa na nyumba pale uani. Hakuwahi kujenga, miaka yote alikuwa Nairobi. Walipofika hawakutaka kumsumbua mtu, wakalala ndani ya gari. Walilaza viti, wakatandika shuka, wakafunika vioo kwa kanga. Boma zima liliona kanga zile asubuhi. Na usiku uliofuata wakalala tena humo.

Sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi, na ninyi mliokulia huku pia hamna. Baba haingii chumba cha mwanawe aliyeoa. Hakai kitandani kwake. Angekikalia kile kiti mbele ya watu wote wa boma lake, kisha arudi kuwa baba wa nani? Kinachonishangaza ni kwamba mimi, mtoto wa kwetu, nilishika kile kishikio kwa mkono wangu, nikaona kiti kikilala, na sikuona kitanda. Niliona chuma tu.

Mwita alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri wake akifanya hivyo. Aliongea Kikurya, akachanganya na Kiswahili cha Nairobi, sauti imempasuka.

"Tata, utakufa kwa ajili ya kiti?"

"Nikifa nitakufa nikiwa baba yako," mzee alisema. "Nikikaa pale, nitapona nikiwa nani?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Wale vijana wanne walitazama chini. Hakuna aliyeona kwamba mzee amekosea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tulikuwa watu wazima tumesimama kumzunguka mtu anayekufa, gari zima linanguruma karibu, na wote tulikuwa tunakubaliana naye.

Sikuwa na haki ya kusema. Nilikuwa mdogo kuliko wote pale na nilikuwa nanuka unga na oili. Lakini nilikumbuka jinsi alivyocheka gari lilipokuwa tupu. Nikajongea, nikachuchumaa mbali kidogo, nikamwamkia tena ingawa marahaba zilikuwa zimekwisha.

"Mzee, nikivitoa vile viti?"

Alifumbua macho.

"Vyote?"

"Vyote. Hata cha dereva."

"Na ile nguo ya chini?"

"Zulia nalo nalitoa. Linabaki bati."

Alifikiri. Alitazama zizi, akatazama gari, akanitazama mimi kwa muda ambao niliona jua likishuka.

"Bati nitapanda," alisema. "Nimepanda trela la samadi, sembuse hilo. Lakini kigoda ni changu."

Sikuwahi kufungua bolti kwa kasi ile, wala sijawahi tena. Sikupanga kitu kwenye shuka. Nati niliziweka mdomoni, mfukoni, nyingine nikamrushia Bhoke, naye akazidaka kwa upande wa kanga. Mwita alivuta viti akavitupa majanini vikaanguka ngozi nyekundu ikiwa chini, na mimi sikugeuka. Yale yaliyonichukua asubuhi nzima nikiwa makini, tuliyafanya kwa muda wa kupikia chai. Halafu tukasimama. Mzee alikuwa na kigoda, lakini Mwita angeendesha akiwa amekaa juu ya nini?

Kikaletwa kigoda cha pili. Kilikuwa kifupi, cha kukamulia maziwa.

Hivi ndivyo gari jeusi lenye nyota lilivyotoka Itiryo. Mwita kwenye kigoda cha kukamulia, pua karibu na usukani, akiona barabara kwa shida. Nyuma yake, mzee kwenye kigoda chake, ngozi ya ng'ombe chini na mguu umenyooshwa mahali kilipokuwa kiti cha abiria. Kijana mmoja wa ukoo alimshika mgongo. Na mimi, fundi, nilikaa sakafuni nikiwa nimekibana kigoda cha dereva kwa miguu yote miwili, kwa sababu kila akikanyaga breki kilitaka kuteleza. Bati lilipata moto chini yangu. Kila bonde lilitupiga. Niliinua kichwa tu kutazama kama taa nyekundu imewaka, na Mwita aliniambia nisipoacha kuuliza atanishusha.

Njiani mzee alilala, akaamka, akauliza kama tumefika. Mwita akasema karibu. Mzee akasema gari si baya, lilikuwa limeharibiwa na makochi tu.

Hospitalini walimpokea kwa machela. Mhudumu aliyekuja kumtoa aliingiza kichwa ndani, akaangalia vile vigoda, kisha akaangalia ile nyota mbele. Daktari alimwingiza chumba cha upasuaji jioni ile ile. Sisi tulikaa ukumbini. Nilipotoka nje sikulala chini ya gari kutazama kama linavuja. Kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa jambo kubwa. Nilikaa kwenye ngazi nikatazama mikono yangu.

Mguu haukukatwa. Walikata vidole na nyama kidogo ya wayo, na Mzee Nyamhanga akarudi Itiryo akichechemea, akaishi miaka mingi tu akinikumbusha kila tulipokutana kwamba fundi wangu mkubwa ni yeye, kwa kuwa alinifundisha kutoa viti haraka. Gasketi ya boksi la viatu ilimfikisha Mwita Nairobi. Kabla ya kuondoka, alijenga nyumba ndogo uani, ya udongo na nyasi, ili akija tena awe na mahali pa kulala.

Mmeniuliza nilijifunza nini, na najua mnataka nizungumzie unga wa muhogo. Unga ni mzuri, utumieni. Tazameni juu kabla ya chini. Mkimaliza kukaza, ondokeni. Lakini jambo lililobadilika kwangu ni dogo kuliko hayo. Tangu siku ile, na mpaka nilipoweka spana chini kwa uzee, sikufungua boneti ya gari lolote kabla ya kuuliza ni nani atakayepanda. Watu walidhani ni udadisi.

Siku hizi kuna gasketi za kila gari dukani, zimefungwa kwenye nailoni, na hakuna anayekata boksi. Magari karibu yote yana viti vinavyolala. Na wazee wetu wanapanda magari ya wana wao, wanafunga mkanda, na hawaulizi nani alilala humo.